Goya, mzee kiziwi aliyevuka mpaka akiwa na miaka 78

Mwaka 1824 mzee mmoja wa miaka 78 aliondoka Madrid, akavuka mpaka na kuingia Ufaransa. Alikuwa kiziwi kabisa, mwili umechoka, na hakujua hata neno moja la Kifaransa. Mfalme wake alikuwa amempa ruhusa ya miezi sita, na sababu iliyotajwa kwenye maombi ilikuwa matibabu: eti daktari amemshauri akaoge maji ya chemchemi za Plombières. Plombières hakufika kamwe. Sisi tunaojua habari za vibali vya mpakani hatuhitaji kuelezwa zaidi ya hapo.

Mzee huyo ni Francisco de Goya, mchoraji wa Hispania ambaye picha zake leo hutazamwa na watu kutoka pembe zote za dunia. Wanaosimulia maisha yake hupenda kuanza na wafalme na vita. Mimi nimechagua miaka yake ya uzeeni, kwa sababu wengi wetu tuliorudi nyumbani tulirudi na wazee, na wazee hao tunawaona kila siku: magoti yanauma, macho hayaoni vizuri, na juu ya yote hayo wamenyong'onyea, hawaongei, hawali vizuri. Goya aliyapata yote hayo mawili kwa pamoja, mwili na moyo, tena kwa zaidi ya miaka 30.

Alizaliwa tarehe 30 Machi 1746 katika kijiji cha Fuendetodos, eneo la Aragon. Baba yake alikuwa fundi wa kupaka dhahabu kwenye madhabahu na sanamu. Kijana akajifunza kuchora, akaenda Madrid, akamwoa Josefa Bayeu mwaka 1773, akapanda ngazi hadi kuwa mchoraji wa mfalme. Watoto walizaliwa kadhaa, lakini ni mmoja tu, Javier, aliyefika utu uzima. Wazazi wa enzi hizo walizika sana.

Mwishoni mwa mwaka 1792, akiwa safarini kusini mwa Hispania, aliugua ghafla. Alikuwa na miaka 46. Kichwa kilivuma, kizunguzungu kikamwangusha, macho yakafifia. Alilala kwa miezi katika nyumba ya rafiki yake mjini Cádiz. Alipoinuka, macho yalikuwa yamerudi na miguu imerudi, lakini masikio hayakurudi tena. Waganga wa leo bado wanabishana kuhusu chanzo chake. Wapo wanaotaja sumu ya madini ya risasi iliyokuwamo kwenye rangi za wachoraji, na wapo wanaotaja maradhi mengine.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mtu aliyezoea kukaa na wakubwa, kucheka nao na kwenda nao kuwinda, ghafla haambiwi kitu akasikia. Katika hali hiyo Goya alichukua vipande vidogo vya bati akaanza kuchora juu yake picha ambazo hakuna mtu aliyemwagiza. Mwanzoni mwa mwaka 1794 alizipeleka kwenye Chuo cha Sanaa cha Madrid pamoja na barua. Alieleza kwamba alizichora ili kuipa akili yake shughuli isiendelee kuyatazama maradhi, na pia ili zimsaidie kufidia sehemu ya gharama kubwa alizoingia kwa kuugua. Napenda sana hiyo sababu ya pili. Mtu anaugua moyoni, lakini hajasahau kwamba dawa inanunuliwa kwa pesa.

Aidha, alijifunza kuzungumza kwa vidole. Mwaka 1812 alichora yeye mwenyewe alfabeti yote ya mikono, herufi moja baada ya nyingine, jinsi kiziwi anavyoitumia. Uziwi haukuondoka, lakini alitafuta njia ya kupitisha mazungumzo.

Miaka iliyofuata nitaipita haraka. Mwaka 1799 akawa mchoraji mkuu wa mfalme. Mwaka 1808 majeshi ya Napoleon yakaingia Hispania, na vita na njaa vikaiharibu nchi. Goya akayachora aliyoyaona kwenye mabamba ya shaba, maiti na wenye njaa, bila kumpendelea yeyote. Mkewe akafariki mwaka 1812. Mfalme Ferdinand wa Saba akarudi mwaka 1814 na kutawala kwa mkono wa chuma.

Februari 1819, mwezi mmoja kabla hajatimiza miaka 73, Goya alinunua nyumba yenye shamba nje ya Madrid, ng'ambo ya mto Manzanares. Watu waliiita Nyumba ya Kiziwi. Ajabu ni kwamba jina hilo halikutokana naye. Lilikuwapo kabla yake kwa sababu ya kiziwi mwingine. Alihamia huko na mwanamke aitwaye Leocadia Zorrilla, aliyekuwa akimtunzia nyumba na ambaye wengi wanaamini alikuwa zaidi ya mtunza nyumba. Leocadia alikuwa na binti mdogo, Rosario, aliyezaliwa mwaka 1814.

Mwisho wa mwaka huohuo akaugua tena, safari hii nusura afe. Daktari aliyemtibu aliitwa Eugenio García Arrieta. Alipopona, Goya alimlipa kwa picha aliyoichora mwaka 1820, ambayo sasa ipo katika jumba la sanaa la Minneapolis, Marekani. Niliiona mara ya kwanza kwenye kitabu cha picha nilipokuwa nasoma ukimbizini, nikadhani ni picha ya baba na mwanawe. Mgonjwa ameketi kitandani, kichwa kimelegea nyuma, mikono imeshika shuka kama mtu anayeogopa kuanguka. Daktari yuko nyuma yake, mkono mmoja umemkumbatia begani, mwingine unampelekea glasi ya dawa mdomoni. Nyuma yao gizani zipo nyuso zinazotazama. Chini ya picha Goya aliandika shukrani zake kwa rafiki yake Arrieta aliyemwokoa katika ugonjwa mkali akiwa na miaka 73.

Huyu ni mchoraji mkuu wa mfalme. Angeweza kujichora amevaa koti la heshima na nishani. Badala yake alijionyesha jinsi alivyokuwa, dhaifu, ameshikwa na mtu mwingine ili aweze kunywa dawa. Wazee wetu wengi hawataki hata jirani ajue kwamba wanaumwa. Utamuuliza mzee hali yake, atakujibu hajambo, huku miguu imevimba mpaka viatu haviingii. Siku ukimkuta ameanguka ndipo unajua kwamba ameficha kwa miezi sita. Kukubali kushikwa mkono na daktari ni jambo gumu kwa mtu aliyewahi kuwa na nguvu, na Goya hakulikubali tu bali alilitundika ukutani.

Baada ya kupona alianza kazi ambayo bado inawashangaza watu. Alichukua rangi za mafuta akachora moja kwa moja kwenye kuta za vyumba viwili vya nyumba ile, chumba cha chini na cha juu. Picha 14 kwa jumla, nyingi zikiwa za rangi nyeusi, kahawia na kijivu. Zimo picha za jitu linalomla mwanawe, wachawi wamekusanyika usiku, wazee wawili wanakula mchuzi na mmoja wao anafanana na fuvu, mbwa aliyezama hadi shingoni akitazama juu. Hakuzipa majina, majina tunayoyajua yalitolewa na watu wengine. Hakuzichora kwa ajili ya kuuza wala kwa mfalme. Miaka mingi baadaye, kuanzia mwaka 1874, zilibanduliwa ukutani zikahamishiwa kwenye vitambaa, na leo zipo katika jumba la Prado mjini Madrid.

Wapo waliosema kwamba mtu anayezungushia nyumba yake picha za namna hiyo amerukwa na akili. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliyerukwa na akili hawezi kusimama miezi na miezi akipanga rangi ukutani, kisha akaendelea na shughuli zake nyingine. Ninavyoona, mzee huyu alikuwa na giza ndani yake, akalitoa nje akaliweka mahali anapoweza kulitazama. Sisemi kwamba lilikwisha. Nasema kwamba halikukaa ndani peke yake.

Siasa zikachafuka tena. Mwaka 1823 jeshi la Ufaransa liliingia kumrudishia Ferdinand mamlaka yake yote, na waliokuwa na mawazo ya kupunguza nguvu za mfalme wakaanza kusakwa. Septemba mwaka huo Goya aliiandikisha nyumba yake kwa jina la mjukuu wake Mariano, kijana wa miaka 17. Mwanzoni mwa mwaka 1824 alijificha kwa padri mmoja aliyekuwa rafiki yake. Msamaha ulipotangazwa mwezi Mei, akaomba ile ruhusa ya kwenda kwenye chemchemi.

Huko Bordeaux alifikia kwa rafiki yake wa zamani, mwandishi wa michezo ya kuigiza Leandro Fernández de Moratín, naye mkimbizi. Moratín alishangaa. Katika barua zake alimwelezea mgeni wake kuwa kiziwi, mzee, mzito na dhaifu, ambaye hata mtumishi wa kumsaidia hakuwa naye, lakini amefurahi na ana hamu kubwa ya kuiona dunia. Baada ya siku chache mzee akaenda Paris, akakaa miezi miwili. Polisi wa Ufaransa walimfuatilia, wakaona kwamba anatembea kutazama majengo na kukaa mahali penye watu, basi. Ilikuwa kazi rahisi kwa hao polisi.

Septemba akarudi Bordeaux na kupanga nyumba na Leocadia na watoto wake. Mji ulikuwa umejaa Wahispania waliokimbia. Walikutana kwenye duka la chokoleti la mwenzao aitwaye Braulio Poc, wakanywa, wakabishana habari za nyumbani. Nani aliyekulia ukimbizini asiyelijua duka la namna hiyo? Sisi lilikuwa la chai na maandazi. Goya hakusikia lolote katika mabishano hayo, lakini alikwenda.

Mchana alizunguka mjini na karatasi zake. Alichora watu wa kawaida: wanasarakasi, vichaa waliofungiwa, ombaomba. Picha moja ni ya mlemavu ndani ya kigari kinachokokotwa na mbwa, jambo aliloliona kwa macho yake kule Paris. Sijaona mahali alipomcheka mlemavu huyo. Mzee anayeumwa mara nyingi huona maumivu yake tu, na pengine hiyo ndiyo sehemu mbaya zaidi ya kuumwa. Huyu aliendelea kutazama ya wengine.

Majira ya baridi ya mwaka 1824 kuingia 1825 alijaribu kitu kipya. Alichukua vipande vidogo vya pembe ya ndovu, akavipaka masizi, akadondosha maji juu yake, na pale maji yalipolisambaza lile jeusi akaona umbo la mtu, akalikwangua na kulimalizia. Alitengeneza takriban 40. Muda mfupi baadaye akaingia kwenye uchapaji wa picha kwa jiwe. Teknolojia hiyo ilikuwa ngeni wakati ule. Aliionja Madrid mwaka 1819, lakini Bordeaux ndipo alipoishika sawasawa. Kwa kuwa macho yalikuwa yamechoka na kuinama kulimtesa, hakulilaza jiwe mezani kama wachapaji wengine. Alilisimamisha kama turubai la kuchorea, akafanya kazi akiwa amesimama, na kwa yale madogo akatumia kioo cha kukuzia. Kwa njia hiyo alitoa mwaka 1825 picha nne kubwa za mapambano ya watu na fahali, zikachapwa nakala 100 na mchapaji Gaulon. Hazikupata soko la maana. Alimwandikia rafiki yake wa Paris kwamba macho na nguvu vimemwishia na kilichobaki tele ni nia tu.

Ni mwaka huohuo aliougua kibofu cha mkojo na uvimbe mkubwa. Madaktari wa Kifaransa waliandika vyeti, na vyeti hivyo vikatumika kuombea nyongeza ya ruhusa, mara ya kwanza na mara ya pili. Ugonjwa ulikuwa wa kweli safari hii. Baada ya wiki kadhaa akainuka kitandani na kurudi kwenye mawe yake.

Nimekaa na wazee wengi waliorudi kutoka Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapata vijumba huku Nyanza-Lac na Rumonge. Wengi walilima tumbaku na mahindi kwa miaka 30 na zaidi. Waliporudi, watoto kwa heshima kabisa waliwawekea kiti chini ya mwembe na kuwaambia wapumzike. Mzee akiomba jembe ananyimwa, bibi akitaka kusuka mkeka anaambiwa macho yake yatazidi kuharibika. Heshima hiyo imewaumiza wazee wengi kuliko malaria. Anakaa pale anahesabu maumivu yake tangu asubuhi hadi jioni, na watoto wanashangaa kwa nini hali chakula. Goya angeambiwa na familia yake aache kazi kwa sababu haoni, angekufa mapema. Jibu lake lilikuwa kulisimamisha jiwe. Kwa mzee wa kwetu inaweza kuwa jembe lenye mpini mfupi na tuta moja karibu na mlango.

Lakini tusidanganyane kwamba shughuli pekee inatosha. Goya alikuwa na daktari kila alipougua, na alimsikiliza. Mzee ambaye kwa zaidi ya wiki mbili hana hamu ya chochote, halali, hali, au anasema afadhali afe, ana ugonjwa ambao wataalamu huuita sonona. Huyo apelekwe kituo cha afya kama ambavyo angepelekwa mwenye homa. Anaweza kutibiwa hata akiwa na miaka 80.

Wala furaha ya Goya haikuwa ya kila siku. Moratín alisimulia kwamba wakati mwingine mzee alishikwa ghafla na kiu ya kurudi Madrid, na kama angeachiwa, angepanda nyumbu na kushika njia peke yake, na kofia na joho lake. Na Leocadia hawakuelewana siku zote. Kila anayeishi na mgonjwa mzee anayejua kukasirika ataelewa. Siku nyingine alijigamba kwamba ujanani alipigana na fahali, na kwamba akiwa na upanga mkononi hamwogopi mtu.

Mwaka 1826, akiwa na miaka 80, alifunga safari kwenda Madrid kuomba astaafu rasmi. Mfalme alikubali, akamwachia mshahara wake wote, reale 50,000 kwa mwaka, na ruhusa ya kurudi Ufaransa. Walimu wastaafu wanaosoma hapa naomba wasiniulize kitu. Mchoraji Vicente López alimchora wakati wa safari hiyo: mzee ameketi na brashi yake, uso umekunjamana, macho makali. Mwaka 1827 alikwenda tena.

Katika miaka hii ya Bordeaux alichora kwa chaki nyeusi picha ambayo mimi naiweka juu ya zote. Ni mzee sana, nywele na ndevu nyeupe zimeshuka hadi kifuani, anatembea kwa fimbo mbili, nyuma yake giza. Jina aliloipa linasema kwamba bado anajifunza. Katika nyingine mzee amepanda bembea, miguu hewani, anacheka.

Mwishoni mwa Machi 1828 mke wa Javier na mjukuu Mariano walifika Bordeaux kumtembelea. Alifurahi mno. Siku chache baadaye, tarehe 2 Aprili, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja ukapooza na maneno yakapotea. Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 16 Aprili, akiwa na miaka 82. Javier alifika baada ya kifo.

Leocadia, aliyemuuguza miaka yote ile, hakuachiwa urithi wowote. Javier alimpa faranga 1,000 na samani za nyumba. Alibaki na picha ya msichana muuza maziwa, inayohesabiwa miongoni mwa kazi za mwisho za mzee, naye akaiuza kwa sababu ya shida. Wanaouguza wazee wa watu wengine, iwe Kigoma au Makamba, wanaijua hadithi hii mpaka mwisho wake. Rosario, ambaye Goya alimfundisha kuchora mezani pake, alirudi Hispania, na mwaka 1842 akateuliwa kumfundisha uchoraji Malkia Isabel wa Pili, aliyekuwa bado mtoto. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na miaka 28.

Goya mwenyewe alizikwa Bordeaux, katika kaburi la mkwe wa familia yake aliyemtangulia. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Hispania alilifungua ili mifupa irudishwe nyumbani, akakuta mifupa ya watu wawili na fuvu moja tu. Kwa kuwa haikuwezekana kuwatenganisha kwa uhakika, wote wawili walisafirishwa hadi Madrid mwaka 1899, na tangu mwaka 1919 wamelazwa chini ya sakafu ya kanisa dogo la San Antonio de la Florida, ambalo dari yake aliichora Goya mwenyewe mwaka 1798. Kichwa chake hakijapatikana hadi leo.